Unga wa Kupunguza Potasiamu: Habari kwa Wenye Nyumba na Walimu

Mwezi huu tumeona vema kuwaandikia habari za dawa moja ya unga ambayo imeanza kuingia katika nyumba za huku kwetu Nyalikungu, pamoja na wagonjwa warudio kutoka hospitali kubwa. Si dawa ya homa wala ya kichocho, wala haipigwi sindano. Huja katika vipakiti vidogo au katika kopo, na ndani yake mna unga laini wa rangi ya kahawia hafifu. Mtu auonapo mara ya kwanza hudhani ni unga wa uji wa watoto, na dhana hiyo ndiyo iliyotuponza sisi.

Twaandika haya kwa kuwa yalitupata nyumbani mwetu wenyewe, hatukusimuliwa.

Baba yetu mkubwa ni mzee aliyepita miaka 70. Ana ugonjwa wa sukari tangu zamani, tena ana shinikizo la damu. Maradhi hayo mawili yakikaa pamoja mwilini kwa miaka mingi huzila figo polepole (wazee wa pwani waliziita nso), pasipo maumivu na pasipo kelele, kama mchwa alavyo nguzo kwa ndani. Kiangazi kilichopita miguu yake ililegea. Akitaka kuinuka kitini magoti yalimkataa, na moyo wake mara ulikimbia, mara ulisita. Sisi tulisema ni uzee. Katika hospitali ya wilaya walimpima damu, wakatuambia twende Mwanza siku ile ile, tusingoje kesho. Tukapanda basi kwa njia ya Bariadi na Lamadi, naye ameegemea bega letu, wala hakusema neno mpaka Magu.

Huko tuliambiwa kwamba potasiamu katika damu yake imefika 6.4. Kwa mtu mzima mwenye afya hesabu hiyo huwa kati ya 3.5 na 5.0, kwa kipimo cha milimoli katika lita moja. Ikipita 5.5 waganga huanza kumwangalia mtu kwa makini. Ikipita 6.5 huhesabu kuwa ni hatari kubwa, maana moyo waweza kusimama ghafula, pengine mgonjwa akiwa bado anaongea na watu wake.

Potasiamu yenyewe si sumu. Ni madini ambayo mwili hauwezi kuishi pasipo kuwa nayo, nayo imo karibu katika kila kitu kiotacho shambani. Karibu yote tuliyo nayo mwilini hukaa ndani ya chembe za nyama, na kidogo sana tu huwamo katika damu. Lakini kidogo hicho ndicho kisaidiacho kuongoza mapigo ya moyo na nguvu za misuli. Tulacho cha kuzidi hutolewa na figo katika mkojo, kama sehemu tisa katika kumi. Figo zikichoka, potasiamu haina njia ya kutokea, ikabaki katika damu na kuongezeka.

Hapa imetupasa kueleza jambo lililotustaajabisha. Miezi kadhaa kabla ya safari ile, baba mkubwa aliambiwa apunguze chumvi ya dukani kwa ajili ya shinikizo la damu. Ni shauri jema kabisa. Lakini mama mkubwa hakupenda mumewe ale mlenda usio na ladha, akaukumbuka ufundi wa bibi zake. Alichoma mabua makavu pamoja na maganda ya ndizi, akatia majivu katika chungu kilichotobolewa chini, akamimina maji, na maji yale yaliyochujika akayatumia kuungia mboga. Mzee akala akafurahi. Wala hatukujua, si yeye wala sisi tuliosoma, ya kwamba maji ya majivu ya mimea yamejaa potasiamu. Hata jina lenyewe la Kiingereza limetokana na majivu yaliyochemshwa chunguni. Na Humphry Davy, mtaalamu wa Uingereza, alipoipata potasiamu peke yake mwaka 1807, aliitoa katika potasi iliyoyeyushwa kwa kupitisha nguvu ya umeme ndani yake. Basi mama mkubwa alimwepusha mumewe na chumvi moja akamzidishia nyingine, iliyo hatari zaidi kwa mwenye figo mbovu.

Msichanganye habari hii na ile ya magadi. Magadi asili yake ni sodiamu, kama chumvi ya mezani, nayo humdhuru mwenye shinikizo la damu kwa njia ile ile. Wazee wetu walipofunga safari kwenda ziwa Eyasi kuchukua chumvi, walirudi na sodiamu. Majivu ni jambo jingine. Tena ziko chumvi za dukani ziuzwazo kwa watu wenye shinikizo la damu, ambazo ndani yake sodiamu imetolewa na potasiamu ikatiwa mahali pake. Kwa mwenye figo nzima huenda zikamfaa. Kwa mwenye figo zilizochoka ni hatari sawasawa na chungu cha mama mkubwa. Someni maandiko ya kopo kabla ya kununua.

Na lilikuwako kosa la pili. Kwa ajili ya magoti yake mzee alikuwa akinunua vidonge vya diklofenaki, viwili viwili, bila kumwambia mtu. Dawa za maumivu za namna hiyo, pamoja na ibuprofeni, huweza kuzibana figo. Ziko na dawa nyingine ziongezazo potasiamu ingawa ni dawa njema: enalaprili, losatani, spironolaktoni, na hata septrini, ambayo wengi huitumia siku zote. Hatusemi mziache. Mtu aachaye dawa ya shinikizo kwa shauri lake mwenyewe aweza kupooza upande mmoja kabla ya mwezi kwisha. Twasema mganga ajue kila kitu mnachokimeza, pamoja na mizizi na magome ya mti, maana nayo ni dawa, na nyingine huidhuru figo.

Turudi Mwanza. Siku ile walimtia dawa ya kalisiamu katika mshipa, ambayo huukinga moyo kwa muda mfupi, ingawa haiipunguzi potasiamu hata kidogo. Kisha walimpa insulini pamoja na maji ya sukari, ili potasiamu irudi ndani ya chembe kwa saa kadhaa. Kwa wengine hutumia pia salbutamoli ya kuvuta puani na kinywani, na kwa wale ambao figo zimekufa husafisha damu kwa mashine. Hizo ndizo dawa za hatari. Unga tunaouandikia habari zake haumo katika hizo, maana hufanya kazi kwa saa nyingi, pengine kwa siku mbili tatu. Mgonjwa aliyelegea viungo na ambaye moyo wake unasita-sita, msikae nyumbani kumkorogea unga. Mpelekeni.

Baada ya siku 5 tulirudi na vipakiti 20, kila kimoja gramu 15. Katika dirisha la dawa tulielezwa kwa haraka, kwa kuwa watu walikuwa wengi nyuma yetu, na karatasi iliyokuwamo ndani ilikuwa ya Kiingereza, ya herufi ndogo sana. Sisi twakijua Kiingereza kidogo. Tuliikunja karatasi tukaitia mfukoni, tukasema tutaisoma tukifika. Hatukuisoma.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, mpate kucheka na kujihadhari. Kila siku alfajiri mzee alimeza vidonge vyake vyote pamoja, na juu yake akanywa unga ule, tukiona kwamba ni vema kumaliza shughuli yote mara moja. Kwa kuwa unga ni unga, tuliukoroga katika uji wa moto. Alipolalamika kwamba unasaga menoni kama mchanga, mjukuu wake akaukoroga katika maji ya machungwa, siku nyingine katika maji ya ubuyu. Siku ya tatu hakupata choo. Siku ya nne vivyo hivyo. Tukasema ni kwa sababu hali vizuri, tukaendelea kumpa unga. Siku ya sita tumbo lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma, akatapika, na jirani yetu mmoja, mtu mwema kabisa, akaja na haluli katika karatasi, akisema kwamba bilauri moja tu itamfungua.

Tulikuwa tumekwisha kuyachemsha maji ya haluli. Katika saa hiyo alipita muuguzi wa zahanati akirudi kwake, akasikia mzee akiugua, akabisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Karibu. Waniona nilivyo."

"Nakuona, baba. Hebu nionyesheni mnachompa."

Tukamletea vipakiti. Akavitazama, akauliza mara ya mwisho kupata choo ilikuwa siku gani. Tulipomjibu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, dawa hii haitoki kwa mkojo, hutoka kwa choo tu. Mnaiweka tumboni kila siku na mlango umefungwa. Na haluli hiyo msimpe, tafadhalini. Figo zake hazitaitoa."

Mzee akasema, "Mayu, mimi nimekunywa kama walivyoniandikia."

"Najua, baba. Hukukosa wewe."

Usiku ule ule tulimchukua kwa pikipiki mpaka hospitalini, yeye katikati, kijana mmoja nyuma akimshika. Walikuta choo kimegandamana ndani kama udongo wa kufinyangia. Wakampiga bomba kwa maji, mara mbili, na kufika asubuhi tumbo lilikuwa limelainika. Daktari alituambia wazi kwamba tumeponea chupuchupu. Wako wagonjwa ambao utumbo wao hupasuka au sehemu yake hufa, ikawa lazima kupasuliwa, na si wote wanaopona.

Baadaye tuliikunjua karatasi ile, tukaketi na muuguzi akatueleza neno kwa neno. Jina la dawa ni sodiamu polistirini salfoneti. Mahali pengine huuzwa kwa jina la Kayexalate au Resonium. Si dawa mpya. Marekani iliruhusu itumike mwaka 1958. Jinsi ifanyavyo kazi ni rahisi kufahamika, na mtu akiifahamu, makatazo yote huonekana kuwa na maana.

Chembe za unga huu haziyeyuki wala haziingii katika damu. Kila chembe imebeba sodiamu. Ikifika katika utumbo mpana hufanya biashara ya kubadilishana, kama mtu aendaye mnadani na debe la choroko akarudi na samaki wakavu: huitoa sodiamu na kuikamata potasiamu. Kisha potasiamu ile hutoka pamoja na chembe katika choo. Ndiyo kazi yote.

Basi tazameni yafuatayo. Kwanza, kama choo hakitoki, biashara ile haina faida, na chembe hulimbikana zikaziba njia. Kwa hiyo asiyepata choo, au mwenye utumbo ulioziba, au aliyepasuliwa tumbo karibuni na utumbo wake haujaanza kufanya kazi, haruhusiwi kupewa unga huu. Kila mwenye kuutumia na ahesabu siku za choo. Ikipita siku moja zaidi ya desturi yake, asimame, amuulize mganga kabla ya kipakiti kingine. Twajua kwamba ni aibu kwa watoto kumwuliza baba yao habari za choo. Sisi nasi tuliona haya, na haya zile zilikaribia kumzika.

Pili, sodiamu iliyoachwa huweza kuingia mwilini. Kipakiti cha gramu 15 kina sodiamu kama miligramu 1500, yaani kiasi kilichomo katika karibu gramu 4 za chumvi ya mezani. Si yote iingiayo, lakini kumbukeni kwamba Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Mwenye moyo dhaifu, au mwenye miguu iliyovimba, au mwenye shinikizo kubwa, sharti aangaliwe. Akianza kuvimba, au akashindwa kupumua alalapo chali, ni ishara.

Tatu, chembe zile hazichagui sana. Dawa nyingine zikikutana nazo tumboni hunaswa, zisifike katika damu. Baba mkubwa alikuwa akimeza dawa ya shinikizo na ya sukari kila siku, na yawezekana nyingine zilikuwa zikitoka katika choo bila kumfaa neno. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kwamba unga huu utengwe na dawa nyingine zote za kumeza kwa saa 3 au zaidi, kabla au baada. Kwa wale ambao tumbo lao ni zito kushusha chakula, iwe saa 6. Hawa wa mwisho wamo wengi miongoni mwa watu wa sukari ya siku nyingi, nao hujijua kwa kushiba upesi na kutapika chakula cha jana. Mwulizeni mganga kama mgonjwa wenu yumo katika hao.

Kuhusu namna ya kukoroga: maji ya kawaida, yasiwe ya moto, kwa kuwa joto huharibu nguvu ya dawa. Kipakiti kimoja chatosheka na maji ya robo kikombe. Korogeni wakati wa kunywa. Uliokorogwa na kukaa zaidi ya siku moja humwagwa. Maji ya machungwa, ya ubuyu, ya nyanya au ya nazi hayafai, maana yenyewe yana potasiamu nyingi, ikawa ni kama mtu afagiaye nyumba huku mtoto anaingiza mchanga. Mgonjwa na aketi wima, anywe polepole. Asiyekuwa na fahamu timamu, au akohoaye akimeza maji, asipewe kwa kinywa hata kidogo, kwa sababu unga ukishuka njia ya pumzi huleta ugonjwa wa mapafu.

Haluli tuliyotaka kumpa ni magnesiamu, na figo mbovu haziwezi kuitoa. Hulimbikana ikalegeza misuli na pumzi. Dawa nyingi za kiungulia ziuzwazo madukani zina magnesiamu au alumini, nazo hazipatani na unga huu. Alumini pamoja na unga imewahi kuziba utumbo. Zamani waganga wenyewe waliuchanganya unga na maji matamu yaitwayo sobitoli ili choo kiwe laini. Walakini kwa baadhi ya wagonjwa utumbo uliharibika vibaya, na mwaka 2009 onyo lilitolewa Marekani kwamba unga usichanganywe nayo. Madhara hayo yamewahi kuonekana hata pasipo sobitoli, ingawa si mara nyingi. Kwa hiyo maumivu makali ya tumbo, kutapika, tumbo kukaza, damu katika choo au choo cheusi kama lami: yoyote katika hayo, acheni unga na mwende hospitali bila kungoja kuche.

Liko na jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Potasiamu ikishuka mno, chini ya 3.5, viungo hulegea na moyo husita, sawasawa na ilipokuwa nyingi mno. Kwa kumtazama mtu huwezi kujua ni ipi. Damu peke yake ndiyo isemayo. Atumiaye digoksini kwa ajili ya moyo hupatwa na madhara upesi zaidi potasiamu ikiwa chini. Ndiyo sababu unga huu hauazimwi wala haugawiwi, hata kama jirani ana ugonjwa wa figo kama wako. Na ndiyo sababu vipakiti vilivyobaki haviendelezwi kwa kuwa vimebaki.

Na kipimo chenyewe chaweza kudanganya. Mkono ukifungwa kwa mpira muda mrefu, au mgonjwa akikunja-kunja ngumi, au chupa ya damu ikitikiswa katika pikipiki kwa maili nyingi kabla ya kupimwa, chembe za damu hupasuka zikamwaga potasiamu yake nje, na hesabu hupanda ingawa mtu ni mzima. Mganga akisema damu itolewe tena, msinung'unike kwamba anawala fedha. Huenda anamwepusha mgonjwa wenu na dawa asiyoihitaji.

Ziko dawa nyingine mpya za kazi hii. Moja ni patiroma, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, ambayo badala ya sodiamu huacha kalisiamu. Nayo hutengwa na dawa nyingine kwa saa 3, tena huweza kupunguza magnesiamu mwilini. Nyingine ni ya sodiamu na zikoniamu, ya mwaka 2018, ambayo huanza kazi upesi zaidi, lakini ina sodiamu miligramu 400 katika kila gramu 5, na wengine huvimba miguu. Bei zake ni kubwa. Hizi nazo si dawa za kuokoa mtu aliye mahututi. Mkipewa mojawapo, msitumie maagizo ya unga tuliyoandika hapa. Kila moja ina yake.

Kwa habari ya chakula tutasema kidogo, ingawa mama mkubwa asingeturuhusu tunyamaze. Chakula chetu cha Usukuma kina potasiamu nyingi: viazi vitamu, michembe na matobolwa, maharage, choroko, dengu, mchicha, majani ya kunde, ubuyu, ukwaju, ndizi, nyanya, maziwa. Mtu akiambiwa aache vyote hivi atakufa kwa njaa kabla ya figo kumwua. Njia ni hii: viazi na mboga vimenywe na kukatwa vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi, na maji yamwagwe. Yasinywewe wala yasipikiwe mchuzi. Potasiamu nyingi huenda na maji hayo. Ugali wa mahindi yaliyokobolewa na wali vina kidogo. Kiasi cha kila kimoja mwulizeni mganga, kwa kuwa wagonjwa hawalingani.

Na ninyi walimu wa vijijini, mna kazi mnayoweza kuifanya ambayo daktari wa Mwanza hawezi. Mgonjwa arudipo na karatasi ya herufi ndogo, iombeni, msome naye, mkaandike kwa Kiswahili katika daftari: saa ya vidonge, saa ya unga, siku ya choo, siku ya kupimwa damu. Pale msipofahamu neno msibahatishe. Pelekeni karatasi zahanati. Tena jambo baya likitokea kwa ajili ya dawa, mwambieni mganga aiandikie Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hupokea habari za namna hiyo kutoka nchi nzima. Sisi tuliandikiwa yetu.

Hospitalini waliposhauriana, walibadili dawa ya magoti, wakapunguza moja ya dawa za shinikizo, na unga wakamruhusu kuutumia tena baada ya tumbo kutulia, kipakiti kimoja kwa siku, siku 3 tu katika juma. Vidonge humeza saa 1 asubuhi. Saa 4, kengele ya shule ya msingi ilipigwapo watoto watoke kucheza, ndiyo saa yake ya unga, na mjukuu wake hukimbia nyumbani kuja kumkorogea kwa maji ya mtungini, kisha hurudi darasani. Hamezi kidonge kingine mpaka saa 7 ipite. Siku za shule kufungwa alisahau mara mbili, tukamnunulia saa ya mkononi, ambayo hajifunzi kuisoma. Asema kengele ilikuwa bora.

Mwezi uliopita potasiamu yake ilikuwa 5.1. Daktari ametuambia turudi baada ya majuma 4. Mzee amekubali yote isipokuwa mlenda, ambao asema sasa una ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Mama mkubwa hamjibu. Chungu chake kile kilichotobolewa amekijaza udongo, akakiweka karibu na mlango wa jiko, na ndani yake ameotesha vitunguu.